Ringi Iliyopinda Ilivyotupandisha Mnadani Mimi na Mume Wangu

Mmeshawahi kuona mke na mume wakigombania kitu kwenye mnada wa kanisa, tena kitu kibovu, tena kilichotoka nyumbani kwao wenyewe?

Mimi nimeona. Mke mwenyewe nilikuwa mimi.

Nawaandikia hasa ninyi mabinti mlioolewa juzi juzi. Msinicheke kwanza.

Ilikuwa 1993, tunakaa Sakina. Miaka ile ya ruksa, maduka yamejaa ghafla, kila mtu ana hamu ya kila kitu. Shemeji yangu aliyekuwa Nairobi akatoa baiskeli mpya, inang'aa mpaka macho yanauma, iuzwe Jumapili baada ya ibada, hela ziende kwenye mabati ya kanisa.

Sisi Walutheri mnatujua. Kuku wa sadaka, ndizi, mayai, vyote vinanadiwa pale nje. Lakini baiskeli? Haijawahi kutokea.

Ikahifadhiwa kwetu, kwa sababu mume wangu, Baba Ndeshi, alikuwa ndiyo kwanza amechaguliwa mzee wa kanisa. Wiki tatu tu!

"Mama Ndeshi, hii ni mali ya Mungu. Hata vumbi uifute kwa adabu."

"Sawa, Baba Ndeshi."

Alhamisi akaenda kazini. Nikabaki na mali ya Mungu, tunatazamana.

Baiskeli nilijifunza utotoni kule Kikatiti, kwa kuiba ya baba. Nikajiambia, mzunguko mmoja tu. Nikakaza kanga, nikapanda.

Jamani, raha! Upepo masikioni, kuku wananipisha, nikaanza na pambio kabisa. Ndipo mtaro ukanijia.

Puu!

Mimi mzima. Ringi ya mbele imejikunja kama sikio la mbuzi.

Watu watasema mzee mpya anaendesha sadaka mitaani. Watamvua uzee hata hajauzoea, na aibu nimemletea mimi.

Nikaikokota kwa kujibanza banza mpaka kwa fundi Romanus, kando ya barabara ya Nairobi. Akaitazama ringi, akatazama goti langu linavuja damu.

"Shemeji, umepigana na nani?"

"Romanus, nyoosha. Halafu nyamaza."

Akachomoa gurudumu, akaikanyaga ringi kwa mguu, akakaza spoku moja moja huku analizungusha. Ikanyooka, ila bado inayumba kama mtu aliyetoka kilabuni.

"Hii imeshachoka," akasema. "Ikigonga shimo moja inarudi vilevile. Na ringi ya saizi hii mjini hakuna mpaka wiki ijayo."

Wiki ijayo! Mnada ni Jumapili!

Nikaamua: nitainunua mwenyewe. Nilikuwa na akiba yangu ya kuuza maziwa, ya kununulia cherehani.

Jumapili ikafika. Mwinjilisti Elifuraha akaipandisha baiskeli juu ya meza.

"Nani anaanza?"

"Elfu kumi!" nikapayuka.

"Kumi na tano!" Sauti imetoka nyuma. Nageuka, ni Baba Ndeshi.

Nikamkonyeza anyamaze. Naye akanikonyeza ninyamaze.

"Ishirini!"

"Ishirini na tano!"

"Wapendwa," Elifuraha akauliza, "ninyi si mnakaa nyumba moja?"

Watu hoi! Mama Mchungaji kashika mbavu. Wakadhani ni bidii ya kumtolea Mungu, vigelegele vikaanza, hakuna aliyethubutu kutuingilia. Romanus naye, Mkatoliki yule, alikuwa amekuja kuona kazi yake itaishaje. Alicheka mpaka akaporomoka kwenye benchi.

Cherehani yangu yote ilipofika mwisho, mume wangu akanguruma, "Thelathini na tano!"

Hiyo ilikuwa hela ya mabati ya jiko letu.

Tukarudi nyumbani, yeye anaisukuma, ringi inakwaruza breki: kwaru, kwaru, kwaru. Nikakohoa kuifunika ile sauti. Naye akakohoa. Tukaenda hivyo, tunakohoa kama wagonjwa wa wodi moja.

Romanus akatufikia kwa nyuma.

"Mzee, ileteni kesho. Mara hii ya tatu nitawafanyia bure."

"Ya tatu?" tukasema kwa pamoja.

Baba Ndeshi akakaa chini kwenye majani, na suti yake.

Kumbe Ijumaa asubuhi, mimi nipo bandani nakamua ng'ombe, naye alijaribu mzunguko mmoja tu! Ikagonga jiwe, ringi ikajikunja, akajua ameivunja yeye. Akakimbilia kwa Romanus huyo huyo.

"Mali ya Mungu, Baba Ndeshi?"

"Futa vumbi kwa adabu, Mama Ndeshi."

Tulicheka mpaka wapita njia wakaanza kutusalimia kwa wasiwasi. Hela ya cherehani ikaenda kununua mabati ya jiko, nikashona kwa mkono mwaka mzima.

Sasa mabinti, ukiharibu kitu, mwambie mwenzako siku hiyo hiyo, chai haijapoa. Neno moja tu Alhamisi ile, na cherehani ningekuwa nayo.

Na wewe Ndeshi, mwanangu. Lile gari la mumeo unalosema lilikwaruzwa na watu wasiojulikana pale sokoni, nilikuona ukiligonga kwenye geti langu.

Kamwambie leo. Simulizi hii nimeshamtumia.