Nilivyoachia Boti Ili Nimsalimu Jjajja

Mkitaka kucheka chekeni tu, nimeshazoea, kwa sababu kule ufukweni mpaka leo nikishuka kuna watu wananiita "Aliyeachia", na kwa jina hilo sikuonewa, nililitafuta mwenyewe mchana kweupe mbele ya kijiji kizima.

Kazi yangu ni kuhudumia wageni kwenye boti ya matanga. Tunaondoka Port Bell asubuhi, tunafuata ukingo wa ziwa hadi kwenye kiwanda kidogo cha waragi cha bibi mmoja ambaye kila mtu anamwita Jjajja, yaani bibi kwa Kiganda, wageni wanaonyeshwa ndizi zinavyogeuka kuwa pombe hiyo kali, wanaonja, tunarudi. (Wageni wa siku hiyo walikuwa Waskoti wanne, wakaniambia kwao watu hukodi boti likizo nzima wakizunguka pwani kutoka kiwanda kimoja cha wiski hadi kingine, nikasema moyoni, kumbe sisi hatujabuni kitu.)

Sasa, safari yangu ya kwanza nilimsalimu Jjajja nikiwa wima, mkono mmoja, "Habari ya asubuhi, mama," kama tunavyosalimiana kwetu Bungoma. Alimpigia simu bosi wangu, Madam Ritah, akamwambia yule msichana wa Kenya hana adabu, na akija tena hivyo wageni wasishuke. Na hakuna kiwanda kingine kilichokubali kutupokea! Madam akaniita ofisini kwake Bugolobi.

"Nekesa, wewe bado uko kwenye majaribio. Jjajja akilalamika tena, unarudi kwenu."

Basi nikajipanga. Mama mwenye nyumba wangu kule Kisugu, Mungu ambariki, aliniazima gomesi yake, lile vazi refu la mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni, na akanifundisha sebuleni kumsalimu mkubwa kwa desturi ya Kiganda, kupiga magoti, mikono yote miwili, macho chini, mpaka magoti yakaniuma.

Safari iliyofuata, na wale Waskoti, tulifika mnamo saa tano. Nguzo ya kufungia boti ilikuwa imeoza ikaanguka, kwa hiyo nahodha wetu, Kapteni Ramadhani (Mnubi wa Bombo, anasafirisha wanywaji miaka yote hii na hajaonja hata tone), alinishusha gatini peke yangu, wageni wakabaki botini, akanipa kamba.

"Shika hii, binti. Naenda kutafuta mti wa kusimika. Usiachie hata aje rais."

Rais hakuja. Alikuja Jjajja. Alishuka polepole na wafanyakazi wake wawili, akaitazama gomesi yangu, akasimama mbele yangu, akangoja. Ningeweza kusema samahani Jjajja, nimeshika boti ya watu. Lakini macho yangu yalikuwa yanaiona Bungoma tu, nikajiambia, sekunde mbili, itaenda wapi? Nikaachia kamba, nikapiga magoti.

"Wasuze otya nno, Jjajja," nikasema, yaani umeamkaje.

Uso wake ukakunjuka. Akaitikia, akauliza nyumbani hawajambo, akauliza safari, nami nikaitikia, na salamu za Kiganda ndugu zangu haziishi upesi, mmm, eee, mmm, mimi macho chini nikijipongeza, mpaka aliponigusa bega.

"Rakini mtoto," akasema kwa Kiswahili, "boti yako nakwenda."

Nikageuka. Wageni wangu wanne walikuwa mbali wakinipungia mkono, wakidhani ni sehemu ya ziara! Halafu mmoja wao, aliyekuwa akijisifu njia nzima kwamba amekulia botini, akavuta kamba asiyoijua, tanga likafunguka, likashika upepo. Nikajitosa. Gomesi ikajaa hewa, ikanibeba juu kama puto, mshipi ukafunguka ukabaki unaelea nyuma yangu, na watu ufukweni wakaanza kushangilia. Kapteni akarudi na mti begani.

"Binti, boti iko wapi?"

Wafanyakazi wa Jjajja ndio waliowafuata kwa mtumbwi wa kusombea ndizi, wakanitoa na mimi njiani. Wageni walirudi salama, na furaha tele, tena mmoja alikuwa ameshamtumia Madam video. Simu ya Kapteni ikalia, akaifungua sauti, sote tukamsikia Madam: "Mwambie Nekesa asirudi kazini."

Nilikuwa nachuruzika maji, kamasi zimenijaa. Jjajja akanyoosha mkono, akaichukua ile simu.

"Ritah, sikiria. Hapa nakuja watu mingi, wakubwa, na magari yao. Nasarimia mimi mkono moja, ingine iko na simu. Huyu mtoto naacha boti mzima juu ya kusarimia mimi. Wewe nafukuza yeye, mimi nafunga mrango."

Madam akasema, "Sawa, Jjajja." Mimi nililia pale pale gatini, na sijui kama nimewahi kumshukuru mtu kwa moyo mzima namna ile, mtu niliyemuudhi mwenyewe na hakunidai chochote. Akanivalisha kanga yake kavu, akanipa chai.

Huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Magoti bado napiga, na sasa napiga kwa mapenzi, lakini nimeapa sitaachia tena kamba kwa ajili ya binadamu yeyote. Wala sihitaji kukumbushwa, ingawa nakumbushwa: tukikaribia gati, Jjajja huwa ameshasimama pale, mikono kiunoni, anapaza sauti kabla sijafungua mdomo.

"Hapana piga magoti! Funga boti kwanza!"