Mavi ya Ng'ombe Barazani

Haya, chekeni mmalize kabisa ndipo nianze, maana nikishaanza sitaki kukatizwa, na anayejijua hawezi kujizuia na aende akachote maji kwanza. Ni kweli, mimi Zena ndiye yule mwanamke aliyesimamishwa mbele ya baraza zima, waume kwa wake, akaambiwa kwamba amempelekea daktari wa serikali mavi ya ng'ombe. Sikanushi. Yalikuwa mavi ya ng'ombe, na niliyabeba kwa mikono yangu hii miwili, tena kwa adabu zote. Lakini huyo aliyewasimulia nyinyi hakuwaambia yalifikaje mikononi mwangu, na hapo ndipo ninapopandwa na hasira mpaka leo, bibi mzima mwenye wajukuu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, nimetolewa nyumbani kwetu Ngamiani nikapelekwa kwa mume wangu Salehe, kijiji cha pwani, ukishapita Tongoni kidogo (jina lake silitaji, watu wake wapo na ndimi zao zipo). Mimi kwetu nilisoma madarasa machache, na kabla ya kuolewa nilikuwa nikisaidia kliniki ya akina mama, kupima watoto uzito na kuchemsha vyombo, basi kule nikaonekana mtu wa mjini, na mtu wa mjini kwao ni sawa na mtu wa serikali, na mtu wa serikali haambiwi jambo. Hilo mimi sikulijua. Mimi nilidhani wananipenda.

Siku moja ikaja gari, akashuka daktari, Mhindi mzaliwa wa Pangani, Kiswahili chake kimekwenda shule kuliko changu. Jumbe Mbwana, mkuu wa kijiji, akapiga mbiu, watu wakakusanyika. Huyu Jumbe ni ami yake Salehe, ndugu wa baba mmoja na marehemu mkwe wangu, kwa hiyo nami nikimwita ami, na nikikutana naye njiani nashuka pembeni, nainama, shikamoo ami. Daktari akatueleza vizuri sana. Akasema serikali inataka kujenga zahanati moja upande huu wa pwani, moja tu, na kugawa dawa ya safura, ile minyoo inayommaliza mtu damu, lakini haijui ianzie wapi, kwa sababu kila jumbe ukimuuliza anakwambia watu wake ni wazima. "Kwa hiyo safari hii hatuulizi majumbe," akasema, "tunapima watu. Kila nyumba italeta choo kidogo ndani ya kikopo, nitakitazama kwa darubini, na pale penye safura nyingi ndipo zahanati itakapokaa."

Watu wakatazamana. Wengine wakatema mate. Mimi nilifurahi, nawaambieni kweli, kwa ajili ya wifi yangu Mwanaidi. Mwanaidi ni dada yake Salehe, umri wetu mmoja, alikuwa na mimba ya kwanza na mume wake yuko mkongeni huko Muheza, basi tulikuwa tukilala chumba kimoja. Yule mtoto wa watu alikuwa mweupe ndani ya macho kama aliyechujwa. Akibeba ndoo kutoka kisimani anakaa chini mara mbili tatu njiani, moyo unamwenda mbio mpaka unauona kwenye kanga. Na udongo anakula! Anabandua ukutani, anatafuna. Mimi kliniki nilikuwa nimewaona wa namna ile, nilijua ni safura.

Daktari akauliza kama yupo mwanamke wa kusema na wanawake wenzake na kukusanya vikopo. Jumbe akaninyooshea bakora. "Huyu hapa, mke wa mwanangu, kasoma." Nikavimba kichwa. Daktari akanipa vile vikopo vya bati nivigawe, akanambia neno moja tu la kushika: "Ukivipokea, funua kila kimoja utazame ndani kabla hujakitia kikapuni."

Neno moja! Na hilo moja ndilo nililoliacha.

Asubuhi ya kukusanya nikakaa barazani kwa Jumbe na makapu yangu. Wa kwanza kuja, nani? Mama mkwe wangu, Bi Mize, kafunga kikopo chake kwa jani la mgomba, kakizungushia na kamba. Nikanyoosha mkono nifungue. Akanitazama. "Zena mwanangu," akasema taratibu, "utanifunua mimi mkweo?"

Jamani. Nyinyi mngefanyaje? Mama wa mume wangu, aliyenipokea mlangoni kwa udi na mawaridi, nichungulie choo chake mbele ya watu? Nikasema, "Astaghfirullah mama, weka tu." Akaweka. Na nikishamwachia yeye, huyu wa pili nitamfunua kwa uso gani, naye ni dada yake? Na wa tatu? Basi wakapita wote na majani yao ya mgomba, weka mama, weka dada, weka bibi, ahsante, na mimi nashukuru kwa kila kikopo utadhani napewa halua. Gari ikaja, ikachukua, ikaenda Tanga.

Baada ya siku kadhaa daktari akarudi. Mbiu ikapigwa, nikajifunga kanga mpya (mpya! doti niliyoletewa na Salehe), nikakaa mbele nikapate kusikia vizuri. Daktari hakuamkia mtu. Akauliza, "Aliyekusanya vikopo yuko wapi?"

Nikasimama. "Mimi hapa, daktari."

"Ulifungua ukatazama?"

Nikashika pindo la kanga yangu mpya.

"Bibi, mimi nakuuliza wewe. Nafungua hiki, mavi ya ng'ombe. Nafungua kile, mavi ya ng'ombe. Msaidizi wangu kakaa siku nzima na darubini anatazama mavi ya ng'ombe! Watu wa hapa wanakula majani? Wanalala zizini?"

Kicheko kilichotoka pale sijapata kukisikia tena. Watu walicheka wakashikana mabega. Mtu mmoja nyuma akalia "Mbuuu!" na baraza zima likarukwa na akili. Mimi nimesimama na doti yangu mpya, namtafuta Salehe kwa macho, Salehe katazama chini. Nikamtazama mama mkwe, kajifunika ushungi. Naye Jumbe, ami yangu, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Watoto wa mjini hawa, daktari. Kazi kidogo inawashinda. Tutamrudi wenyewe."

Daktari akasema kijiji hiki anakiruka, hana wakati wa mchezo, akapanda gari lake akaenda zake.

Sasa nisikilizeni. Kijiji kile kizima kilikuwa na mbuzi na kuku. Ng'ombe alikuwa nao mtu mmoja tu, na mtu huyo ni Jumbe Mbwana. Kila aliyekuwa akicheka pale alijua yale mavi yametoka zizi gani! Kila mmoja! Ila mimi, mjinga, ndiyo kwanza najiuliza ng'ombe kaingiaje kikoponi.

Mwanaidi ndiye aliyenambia, jikoni, analia. "Ami alituita wanawake sote, Zena, ile jioni uliyokwenda Tongoni kwa shangazi. Alisema daktari akiiona safura atauliza vyoo viko wapi, na yeye alikwisha wapelekea habari bomani kwamba kila nyumba ina choo. Akasema atavuliwa ujumbe, na sisi tutaitwa wachafu pwani nzima."

"Na mama?"

Akajifuta machozi kwa kanga. "Mama ndiye aliyetugawia yale mavi."

Vyoo! Kijiji kizima kilikuwa kikienda minazini, na miguu mitupu, na hiyo ndiyo njia ya safura yenyewe, inaingilia nyayoni. Yule mtu aliambiwa awasimamie watu wachimbe vyoo, hakusimamia hata kimoja, akadanganya bomani, na ili uongo wake usionekane akawanyima watu wake dawa na zahanati, kisha akanirushia mimi mavi ya ng'ombe zake. Na vijana njiani wakawa wananiita Bibi Mbuu.

Nikamwambia Mwanaidi, "Nipe kikopo. Na safari hii nitafungua." Akanipa. Wakatokea na wanawake wawili watatu wengine wenye huruma, au wenye haya, wakanipa vyao kwa siri. Nikavipanga kwenye kikapu changu cha ukili, nikafunika kitambaa, nikapanda basi la Pangani asubuhi, huyo Tanga.

Pale ofisini kwa daktari kulikuwa na tarishi mlangoni, kofia imemkaa upande, akaniweka kwenye benchi mpaka jua likafika utosini. Kila nikiuliza, "Daktari ana kazi." Watu wanaokuja na kuku wanaingia. Mwisho akakitazama kikapu changu, akatazama kile kitambaa cheupe, akatabasamu. "Kumbe umemletea bwana mkubwa zawadi, bibi? Mayai? Lete nikupelekee."

Nikasema si mayai.

"Vitumbua?" Akakivuta, kafunua, katoa kikopo kakifungua, katia pua ndani.

Wallahi sikumtuma! Yule bwana alipiga ukelele akakitupa kikopo, kikamwangukia mzee mmoja wa Kiarabu, mtu mzito, kanzu nyeupe pe, aliyekuwa amekaa anasubiri zamu yake. Baraza la ofisi likawa vurugu, yule mzee anaapa kwa Kiarabu, tarishi anatapika kwenye maua, mimi nimekikumbatia kikapu nisije nikanyang'anywa vilivyobaki, na askari keshanishika mkono ananiburura. Ndipo daktari akatoka ndani. Akanitambua.

"Wewe tena!"

"Mimi tena," nikamwambia, na hasira zangu zote zikanitoka hapohapo, sikuchagua maneno. "Fungua utazame mwenyewe, maana mimi nilikosa kufungua nikachekwa. Haya ni ya watu. Na wale ng'ombe ni wa Jumbe. Na vyoo ulivyoambiwa vipo, njoo unionyeshe kimoja!"

Akamwambia askari aniache. Akavichukua vile vikopo, akaingia ndani. Alipotoka hakuwa akifoka tena. Akasema kile cha wifi yangu safura imejaa, na huyo mtu aletwe upesi, na kwamba atarudi kijijini kupima upya, safari hii atasimama mwenyewe. "Lakini bibi," akasema, "zahanati nimekwisha andika ijengwe kijiji kingine. Sitaweza kuirudisha."

Mwanaidi hakuwahi kuletwa. Nilirudi nikamkuta uchungu umemshika kabla ya siku zake. Mtoto alizaliwa hana pumzi. Wa kiume. Salehe ndiye aliyemzika.

Daktari akaja kama alivyoahidi, akapima, watu wakapewa dawa ya safura na vidonge vya damu, na vijana wakalazimishwa kuchimba vyoo wakichungwa na askari. Mwanaidi akapona, akarudi na rangi yake. Mwisho wa yote likakusanywa baraza. Mimi nilikaa nyuma kabisa, pembeni yangu Mwanaidi na kanga yake nyeusi. Jumbe Mbwana akasimama na joho lake. Akasema anamshukuru daktari kwa kuitikia wito wake, kwa kuwa yeye Jumbe, alipoona watu wake wanateseka, ndiye aliyetuma habari Tanga warudi kupima tena.

Watu wakapiga makofi. Nikamwona Mwanaidi anajitazama viganja.

Nikasimama. "Mwongo," nikasema.

Si kwa kelele, lakini lilisikika. Mkaza mwana, mbele ya baraza, kumwambia ami wa mume wake mwongo! Safari hii hakucheka mtu. Bora wangecheka. Jumbe akaishika bakora yake akakaa, na watu wote wakanigeuzia macho mimi.

Usiku huo ndugu walimjia Salehe, na kulipokucha mama mkwe akaniita. Hakunigombeza. Akanishika mikono, akalia, akasema nyumba itavunjika, Salehe ataachishwa shamba, maana shamba ni la ukoo na mwenye ukoo ni ami. "Kwa ajili yangu, mwanangu. Neno moja tu."

Nikaenda. Nikavua viatu nje, nikaingia kwa Jumbe Mbwana, nikapiga magoti, nikambusu mkono, nikasema niwie radhi ami, nilikosa adabu. Naye akanisamehe! Akaniwekea mkono kichwani, akasema ujana.

Basi hiyo ya mavi ya ng'ombe, chekeni mpendavyo, hata mimi siku hizi nikimkumbuka yule tarishi nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananishangaa. Lakini ile radhi sijaicheka hata siku moja. Jumbe keshakufa zamani, Mungu amlaze anapostahili, nami nimeolewa na kuachika na kuzika wangu wengi, na watu wazima wengi wamenitaka niwaombe radhi kwa kuwaambia kweli yao. Sijamwomba hata mmoja. Na wala sitamwomba.