Mbegu za Mama Zilipitia Castle Vale

Mwaka ule wa korona, mkahawa nilimokuwa nikipika kule Kings Heath, Birmingham, ulifungwa, nikabaki kwenye fleti yangu Castle Vale nikipiga gumzo na friji. Kila mwaka kabla ya masika mimi ndiye niliyemtumia Mama hela za mbegu na mbolea. Safari hii mfuko ulikuwa mtupu kiasi kwamba ungekohoa karibu nao ungesikia mwangwi.

Mama analima mahindi na maharagwe katika kaunti ya mashambani kwetu Kenya. Mvua ilikuwa imeshaanza, shamba limelimwa, punje ya kupanda hana. Asubuhi moja akapiga simu.

"Serikali inawapa wakulima msaada wa korona," akasema. "Unatumiwa nambari ya siri kwa simu, unaipeleka duka la pembejeo, unapewa mbegu na mbolea. Majirani wote wamepata. Leo ndiyo mwisho, na mimi sijaona kitu."

"Ulijiandikisha, Mama?"

"Afisa wa kilimo alikuja mpaka hapa uani. Nikampa kitambulisho na nambari ya simu."

"Nambari gani?"

"Yako. Ile ya zamani."

Nikakaa chini. Ndiyo desturi ya kwetu: mzazi akiulizwa simu, anataja ya mtoto. Zahanati ina nambari yangu, kanisa lina nambari yangu, hata daktari wa ng'ombe ananijua mimi kuliko anavyomjua ng'ombe.

"Si wewe ndiye wa mambo ya pesa?" Mama akauliza, kana kwamba mimi ndiye niliyejiandikisha vibaya.

Laini ile ya Kenya ilikuwa ndani ya kasimu ka vibonye, kwenye droo ya jikoni. Nilikawasha Krismasi tu, laini isije ikafungwa. Sasa hakakuwa na chaji, na chaja ilipotea nilipohama. Maduka ya simu yote yamefungwa. Nikatoa kichwa dirishani nikamwita jirani wa juu, bibi wa Kizanzibari ambaye hajatupa hata kifuniko cha chupa tangu aingie Birmingham.

"Shikamoo, Bibi. Una chaja ya pini nyembamba?"

"Marahaba. N'nazo hata za simu zilizokufa kabla hujazaliwa. Usipande huku lakini, corona hiyo."

Akateremsha kikapu kwa kamba ya kuanikia nguo. Ndani mlikuwa na chaja sita zilizosokotana kama familia inayogombea urithi. Ya tano ikaingia.

Kasimu kakafikiri muda wa kutosha mahindi kuota na kuvunwa. Mama alikuwa ameshafika dukani, ananisubiri kwenye laini nyingine, huku akimzuia mwenye duka kwa maneno asifunge.

"Baba, huyu anashika kufuli."

"Mwulize habari za watoto wake."

"Nimeshauliza hadi za wajukuu."

Ujumbe ukaingia. Nikasoma tarakimu moja moja, Mama akizirudia kwa sauti ya kuhubiri. Mwenye duka akaanza kuziingiza. Nikasikia mvua ikipiga mabati ya duka, huku dirishani kwangu jua la Birmingham, lile la nadra, likiwaka.

"Imekubali," akasema. "Anashusha gunia."

Alipanda siku iliyofuata. Nimezishukuru serikali nyingi kwa mdomo tu; ile niliishukuru nikiwa nimepiga magoti jikoni. Mama alipovuna nikamwambia tumsajilie laini yake mwenyewe.

"Ya nini? Nikiwa na yangu, hako kasimu utakawasha lini?"

Basi kako mezani, kanawaka mwaka mzima. Maduka yalipofunguliwa nilinunua chaja yangu, ile ya bibi nikairudisha kikapuni pamoja na bakuli la maharagwe ya nazi, upishi wangu bora kuliko wote Uingereza. Kamba ikapanda, nami nikamwambia bibi kwamba Mama amevuna. Baada ya kitambo kichwa kikatokea juu.

"Mwanangu, nazi umeionesha maharagwe kwa mbali tu," akasema bibi. "Lakini mama yako mwambie nimefurahi."