Zimwi Lililohamiwa na Nyuki

Kazi yangu ni kutengeneza mazimwi. Ukicheka, cheka tu, nimeshazoea. Hapa Mpanda, vijana wanaopiga filamu za majini wakitaka pembe, mkia au mguu wa kutisha, wanakuja kwangu, nami natengeneza kwa sponji, magunia na gundi. Baba yangu, mrina asali wa Inyonga, aliiita kazi hiyo michezo. "Wenzio wanashona sare za shule," aliniambia, "wewe unashona mapepo."

Macho yake yalikuwa yanafifia, na hospitali walishatuambia hayatarudi. Ndiyo maana dairekta mmoja aliponipa kazi ya zimwi la msituni, nilijisemea: hili baba ataliona kabla giza halijamfunga. Nilitaka alione, basi, na aseme neno. Na baba hakuwa mtu wa kugawa maneno mazuri. Hata mzinga aliouchonga mwenyewe hakuusifu mpaka nyuki waingie. "Unaweza kupendeza, nyuki wakaupita," alisema. "Wale hawana upendeleo."

Filamu ilipigwa kwetu Inyonga. Nikamwomba baba gome la mti wa mtundu, lile la kutengenezea mizinga. Alilibandua kwa kupapasa, huku analalamika mwanzo mwisho, likatoka zima na kujikunja lenyewe kama bomba. Hilo likawa kiwiliwili cha zimwi. Nikalichongea pua, nikalitoboa domo, nikalitia mikono ya mizizi.

Siku ya majaribio mwigizaji aliingia ndani yake, akatokea kichakani. Dada aliyeigiza kama binti aliyepotea, muuza chipsi wa pale stendi, alipiga ukunga wa kweli, akasahau maneno yake yote, akakimbilia kwenye shamba la tumbaku. Dairekta aliruka kwa furaha, akampigia kelele huko huko shambani. "Hiyo ndiyo sura ninayoitaka, dada yangu! Hiyo hiyo!"

Tukapumzika siku chache kungoja mawingu yapite. Gome likaanza kupasuka, nikalipaka nta ndani na nje, kisha nikalitundika mtini ili mchwa wasilile. Sasa fikiria mwenyewe: gome la mtundu, limepakwa nta, liko mtini, na miombo imechanua. Mtoto wa mrina asali mimi! Mtoto yeyote wa Inyonga angekwambia kwamba hapo umetega mzinga.

Asubuhi ya kupiga picha tukakuta nyuki wanaingia na kutoka kwenye domo la zimwi, wako kwao. Mwigizaji akasema, "Humo mimi siingii, hata mnipe gari." Nikataka wafukizwe moshi watoke. Baba akakataa katakata. "Mgeni kaja mwenyewe, nyie mnamfukuza? Mna akili kweli?"

Dairekta hakuwa na muda wa kubishana. Akatandaza kitambaa cha kijani, akachomeka mpira kwenye fimbo mahali pa zimwi, akamwambia yule dada auogope. Maskini, alijitahidi, lakini macho yake yalikuwa yanahangaika, hayajui woga wayaweke wapi. Zimwi lenyewe lilitengenezwa baadaye na kijana wa kompyuta, Dar es Salaam.

Filamu ilipoonyeshwa Mpanda, nilimleta baba kama nilivyomwahidi. Sitakudanganya, zimwi la kompyuta lilikuwa zuri. Lilitoa moshi machoni na liliruka juu ya miti, wakati langu hata kuinama lilikuwa linaona shida. Ukumbi mzima ulipiga kelele. Mimi nilitazama miguu yake tu: lilikanyaga majani na majani hayakulala. Wivu? Ndiyo, niliona wivu.

Baba aliinamisha kichwa kuelekea kwenye mwanga. Alichokiona kilikuwa vivuli tu.

"Ndilo hilo?" akaniuliza.

Neno moja, ndiyo, lingetosha. Asingeweza kulitofautisha, na watu wazima walikuwa wanapiga mayowe kulia na kushoto kwetu. Sifa zile zote zingekuwa zangu, na neno nililolingoja miaka yote lilikuwa mdomoni mwake. Lakini ningemdanganya vipi mtu aliyenibandulia gome kwa vidole?

"Hapana, baba. Hilo ni la kompyuta. Langu lilibaki nyumbani, mtini."

"Aa," akasema, akaomba maji. Nililia kimya kimya mpaka taa zikawashwa.

Kesho yake tukapanda basi kurudi Inyonga. Tulipofika, baba hata chai hakungoja, akashika bega langu, akasema nimpeleke kwenye mti. Nikamsaidia kupanda juu ya jiwe lililo pale shinani. Akaligonga gome kwa mgongo wa vidole, akatega sikio, kama alivyofanya kwa kila mzinga maisha yake yote. Nyuki walimzunguka mkononi, wala hakujali. Akapapasa mikono ya mizizi taratibu, akapandisha vidole mpaka usoni.

"Kumbe lina pua," akasema, akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akicheka hivyo.

Akarudisha sikio kwenye gome.

"Wamejaa mpaka kooni," akasema. "Kwenye ile kompyuta wangeingilia wapi?"

Kisha akanyoosha mkono hewani, akinitafuta.

"Haya, fundi, nishike nishuke."