Nyumba Alizopita Wilf Hepple

Hapa Hetherley, kijiji chetu cha wachimba makaa, boila ya gesi inayopasha nyumba joto ikigoma hakuna anayesema tafuta fundi. Wanasema kamwite Wilf. Ndivyo ilivyokuwa tangu kabla mgodi haujafungwa. Mzee Wilf Hepple aliingia jikoni kwa kila mtu kupitia mlango wa nyuma, bila kubisha, akivua kofia kwanza na buti baadaye, na alijua nani anaficha wapi biskuti nzuri. Boila za zamani, zile zilizokaa nyuma ya meko sebuleni, alizijua kama mchungaji anavyojua kondoo wake. Aliweka sikio, akasikiliza, akageuza skrubu kidogo, akasema, "Haya, sasa anapumua."

Kisha yakaja haya maboksi meupe, boila za kisasa. Tulitundikiwa ukutani nyumba baada ya nyumba, tukaambiwa hayapotezi joto hata kidogo. Mafundi wa gesi wakatakiwa warudi darasani, wafanye mtihani mpya, ndipo wapewe kitambulisho. Wilf hakwenda. Alisema moto ni moto. Kitambulisho chake cha zamani kikaisha muda, akakitupa kwenye droo, na watu wakaendelea kumwita, kwa sababu wale wenye kitambulisho ndio hao hawapatikani.

Sisi tulijaribu. Januari hii boila yetu ilizimika asubuhi ya barafu, ikabaki kumetameta taa nyekundu. Bibi yangu, Edna, alishinda kwenye simu. Mmoja alisema haji mbali hivyo. Mwingine akasema aina hiyo hakuisomea. Wa tatu alikuwa na sauti ya upole, akatupa nafasi mwishoni mwa mwezi unaofuata. Bibi akamjibu kwamba mume wake hataishi hadi mwishoni mwa mwezi unaofuata.

Hakuwa anatia chumvi. Babu Ronnie alimaliza ujana wake chini ya ardhi akichimba makaa, na vumbi lake bado limo kifuani. Baridi ikimwingia, anapumua kama bawaba yenye kutu. Tulimfunika mablanketi, tukamwekea hita ya umeme miguuni, na bado kucha zake zilikuwa za buluu. Nilikaa karibu yake nikisikiliza. Pumzi yake ikichelewa, nami nilizuia yangu.

Jioni Bibi akasema, "Kamwite Wilf."

Alikuja na mkoba wake, akamtania Babu kwamba anajifanya mgonjwa ili apikiwe, kisha akalifungua lile boksi. Nilikuwa naosha vyombo, kwa hiyo niliona yote. Kifuniko cha ndani kina mpira mweusi unaokizunguka ili kizibe kabisa. Wetu ulikuwa umekakamaa kama ngozi ya kiatu kilichokauka juani. Wilf akaupaka sabuni ya vyombo, akaurudisha. Pembeni chini ukatokeza nje kama ulimi. Nikamwonyesha. Akausukuma ndani kwa kisu cha siagi.

"Hautakiwi mpya, Mzee Wilf?"

"Kipenzi, nimerudisha mipira ya zamani maisha yangu yote, na sijamzika mtu."

Akaweka sikio, akageuza skrubu. Moto ukashika. Vile vyuma vya ukutani vinavyotoa joto vikaanza kugongagonga maji moto yakipanda, na Bibi akaingia chooni, akatoka amenawa uso. Wilf akanywa chai, akakataa malipo, akaondoka upesi. Wiki hiyo ya barafu alikuwa akiitwa kila mtaa.

Siku ya pili nyumba ilikuwa na joto la kupendeza. Bibi aliumwa kichwa, akasema ni kukosa usingizi. Mimi pia kiliniuma. Nikatoka uani kutupa takataka, nikasimama kidogo kwenye barafu, kikatulia. Nikarudi ndani, kikaanza tena. Nilibaki pale mlangoni na ndoo tupu mkononi. Nilikuwa sijaelewa, ila miguu ilikuwa haitaki kuingia.

Bibi akaniita kutoka sebuleni, sauti yake ina furaha. "Njoo umwone babu yako. Ana rangi kama bwana harusi."

Nikaenda. Babu alikuwa amelala kitini, kinywa wazi. Mashavu yake yalikuwa mekundu. Midomo pia. Bibi alikuwa amemshika mkono, anaupapasa.

Babu hasimulii habari za mgodi. Mara moja tu aliniambia, tena akiwa amegeukia dirishani: baada ya mlipuko, wenzake walipandishwa juu na mashavu mekundu kama watu waliotoka kucheza dansi, hata mama zao wakadhani wamelala. Hewa iliyowaua haikuwa na harufu.

Nikasema, "Bibi, zima boila."

"Niizime, na ndiyo kwanza amepata joto?"

"Ni ile hewa ya mgodini. Iko humu ndani."

Bibi ni binti wa mchimbaji na mke wa mchimbaji. Hakuuliza tena. Alikwenda jikoni akishika kuta, akaizima, nami nikafungua milango yote miwili. Tukamburuta Babu na kiti chake hadi kizingitini, upepo ukimpiga. Nilimpiga makofi mikononi nikimwita. Akafumbua macho, akatabasamu ovyo kama mlevi, akayafumba tena. Kengele ya kuitambua hewa hiyo tunayo. Ilikuwa kwenye droo. Kabla ya baridi ilikuwa ikilialia ovyo, Bibi akaitoa betri akaitia kwenye rimoti ya televisheni.

Nilipiga simu ya dharura. Gari la wagonjwa likamchukua na oksijeni usoni, Bibi akapanda naye. Nilibaki na mtu wa gesi wa dharura, aliyefunga bomba na kubandika onyo kwenye boila. Akanionyesha ule mpira. Boila za zamani, akasema, moshi wake ulipanda dohani wenyewe. Hizi zina feni inayousukuma, na ikiona upenyo popote, inausukumia humo. Na ile skrubu haigeuzwi bila kipimo. Ukiigeuza kwa sikio, moto unaanza kutoa sumu. Akaniuliza nani ameigusa.

"Mimi," akasema mtu nyuma yetu. Wilf alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa ameliona gari.

Mtu wa gesi akamtazama. "Umefungua nyingine?"

 Wilf akaanza kutaja majina, na majina hayakuisha upesi.

Mtu wa gesi akashika simu kuomba wenzake, lakini Wilf hakungoja. Nikamfuata, maana alikuwa anateleza kwenye barafu na haangalii anapokanyaga. Kila mlango alisema maneno yaleyale, izimeni, fungueni madirisha, tokeni nje. Kuna waliodhani ni mzaha. Mmoja akamwuliza kama sasa anauza makoti. Alipouona uso wake aliacha kucheka, akaenda kuwatoa watoto.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Olive Tweddle, mjane anayeishi peke yake. Mapazia yalikuwa yamefungwa ingawa bado mchana. Wilf akajaribu mlango wa nyuma, umefungwa kwa ndani. Akagonga. Akagonga tena. Akaweka sikio mlangoni, kama alivyokuwa akiliweka kwenye boila, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Sisikii kitu," akasema. "Nimemuua Olive."

Akatoa spana mkobani, akainua mkono apige kioo. Komeo likalia. Bi Olive akatokea, koti juu ya koti, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, chupa ya maji moto kifuani.

"Uvunje kioo changu, halafu uje na kioo kipya saa ngapi, mpumbavu wewe?"

Wilf akauliza kuhusu boila. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Niliizima hata hujafika getini," akasema Bi Olive. "Iliguna ulipoiwasha. Naliogopa lile dude."

Wilf akakaa palepale kizingitini, kwenye theluji, spana mapajani. Bi Olive akavua koti lake la juu akamfunika nalo.

Fundi mwenye kitambulisho alifika siku nyingi baadaye, mwanamke kutoka upande wa pili wa kaunti. Alitia mipira mipya kila nyumba, kila skrubu akaipima kwa mashine. Mpaka hapo Hetherley nzima ililala na makoti. Wilf alimkabidhi huyo fundi mkoba wake, na siku hizi akija kwetu hupitia mlango wa mbele, akabisha, akangoja.

Babu alirudi. Anasahau majina, kwa mengine ni yuleyule. Ila akicheka sana akapata rangi usoni, Bibi huacha anachofanya. Anamtazama, kisha ananitazama mimi, kisha sote wawili tunaitazama kengele, ambayo sasa iko ukutani na betri yake.