Nilivyomkaribisha Mama Mkwe Saluni

Hasira yangu imeniaibisha mtaa mzima wa Obunga. Nilimwambia mama mkwe, anayekaa mbali, Asembo Bay, kwamba naenda kanisani, nikaenda kusukwa. Kichwa kikiwa nusu, akanipigia simu. "Mama Hawi, hapo saluni mnaimba wimbo gani?"

Nikamrukia msusi wangu, Atieno. "Mdomo kama redio! Umeniuza!"

"Mimi? Hata namba yake sina! Lete hiyo simu."

Akafungua ile app ninayotumia kumpelekea mama mkwe picha za mtoto wangu Hawi. Kumbe siku ilipoomba kumwonyesha mahali nilipo, mimi mwenyewe nilibonyeza Ruhusu. Mtu akipiga hodi, si unasema karibu?

Wateja walikufa kwa kicheko. Nikacheka pia, ningefanya nini? Atieno akashika chanuo. "Huu upande mwingine nisuke, ama tungoje mama mkwe aruhusu?"