Kikombe cha Nne

Jina la Bi Pua alilipata mchana mmoja katika uwanja wa mashine ya kukobolea mpunga. Mpishi wa wafanyakazi alifunua sufuria, naye, akiwa ng'ambo ya uwanja, akasema, "Umechanganya mchele mpya na wa mwaka juzi." Mpishi akaapa kwa viapo vyote, lakini kabla sahani hazijakauka alikuwa amekiri. Tangu hapo mwenye mashine hakununua mchele wa kunukia kabla Bi Pua hajaunusa.

Asubuhi hii zilikuwa zimeletwa sampuli sita. Miongoni mwake ulikuwamo mchele wa wifi yake. Mvua zilikatika mpunga ukitoa masuke, na kisima alichokimbilia wifi kilikuwa kimeingia chumvi. Shamba lililozoea kumpa magunia ishirini ya mpunga lilimpa tisa, na punje nyingi, kwa wembamba wake, zilikatika mashineni zikawa chenga.

"Nitauchanganya na mchele wa kawaida," mwenye mashine alikuwa amesema.

"Ukiuchanganya, mbegu hii siipandi tena," wifi akajibu. Mbegu yenyewe aliachiwa na mama mkwe wake, mama mzazi wa Bi Pua.

"Ninuse kwanza, bosi," Bi Pua aliomba.

"Unuse chenga?"

"Kwani harufu hupimwa kwa rula?"

Karani alimtoa nje, akatia mchele na maji ya moto katika vikombe sita, akavifunika. Namba zilikuwa chini ya vitako, asizione. Baada ya dakika kumi akamwita.

Kikombe cha kwanza: "Huu umelala." Cha pili: "Unanukia, ila kwa aibu." Cha tatu alikifunika hapo hapo. Alipofunua cha nne, alirudi nyuma hatua moja, kisha akakirukia kwa mikono miwili.

"Ebo! Huyu ni nani?"

Karani akakiinua, akachungulia namba kitakoni. "Wa wifi yako!"

"Umempendelea ndugu yako," mwenye mashine akanung'unika.

"Pua unayo, bosi. Nusa!"

Akanusa. Akafunika, akafunua, akanusa tena. "Aisee!"

Bi Pua alikuwa akiongea kwa mikono yote. "Mpunga ukibanwa kidogo na kiu na chumvi, mavuno hupungua, lakini harufu huweza kukolea. Ukibanwa sana, unakufa. Usije ukamwaga chumvi makusudi, wifi!"

"Nimwage? Hiyo niliyo nayo naigawa bure!"

Walicheka wote, hata karani.

"Chekecheni chenga," mwenye mashine akaamua. "Mchele huu utauzwa peke yake, kwa jina lake."

Wifi alimkumbatia Bi Pua, nusura amwangushe. "Basi lile debe la mpunga nililobakiza nyumbani silikoboi ng'o! Ni mbegu."

Waliuchekecha wawili, wakajaza gunia la kwanza. Bi Pua alitunga uzi kwenye shazia, akashona mdomo wa gunia kutoka pembe hadi pembe, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.